Siku Tano Ziwani Kivu Nikifuata Swali la Sili

Nilirudi Bukavu, mji ulio kando ya ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, siku ya mwisho ya Desemba 2019, lakini daftari langu lililowa njiani na kurasa zake zikahitaji kuanikwa siku kadhaa kabla ya kusomeka, ndiyo maana niliiandika simulizi hii katikati ya Januari 2020. Palipofutika maandishi nimetegemea picha za simu, na pale ambapo hata picha haikusaidia nimeparuka.

Ninafundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Mwezi wa kumi na moja tulikuwa katika somo la mamalia wa baharini wanaopiga mbizi, kama sili, mnyama mwenye mapezi badala ya miguu, na mwanafunzi wa dawati la nyuma akauliza: "Mwalimu, sili akishashuka mpaka mahali ambapo jua halifiki, samaki anampataje? Na asipompata, ni nani anayemwambia kwamba sasa inatosha, arudi juu akapumue?" Nusu ya kwanza niliijibu kwa yaliyomo vitabuni. Nusu ya pili niliipapasapapasa tu, na darasa likajua. Mimi sijawahi kufika baharini. Maji makubwa niyajuayo ni haya ya Kivu. Hata hivyo, ziwani kwetu wako wavuvi wanaotafuta samaki gizani kila usiku, na yuko fisi-maji, mnyama anayebana pumzi na kuwinda chini ya maji kama sili, ingawa kwa sekunde chache tu. Nikaamua likizo ya Noeli niende kwao.

Siku ya kwanza, Ijumaa tarehe 27: Bukavu hadi Idjwi kusini

Niliambiwa boti ya kisiwa cha Idjwi huondoka gati la Muhanzi saa moja asubuhi, nami nikafika saa kumi na mbili. Iliondoka saa nne na dakika ishirini, baada ya kujaa magunia ya sukari, katoni za sabuni, magodoro mawili na jogoo aliyefungwa miguu ambaye alikaa mapajani mwangu safari nzima. Nauli ilikuwa franka 5,000, na begi langu likatozwa 1,000 baada ya mabishano mafupi.

Kungoja kulikuwa na faida yake. Nahodha, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufi, alichovya kijiti katika kila bidoni ya petroli, akaweka kidole gumba mahali palipolowa, kisha akahesabu kwa sauti: "Ya kwenda, ya kurudi, na ya balaa." Mama mmoja alimwomba amshushe katika ghuba nyingine, mbali kidogo na njia, akiahidi kuongeza pesa. Nahodha alimjibu kwa upole: "Mama, mafuta ya balaa hayauzwi."

Nilifungua kurasa nilizochapisha kuhusu sili wa Weddell, anayeishi chini ya barafu ya Antaktika, nikaona kwamba mzee yule alikuwa amenifundisha ukurasa mzima kwa kijiti. Sili habebi akiba yake katika mapafu kama sisi tunavyodhani. Kabla ya kuzama hutoa hewa nyingi nje, na oksijeni anayoitegemea imo katika damu yake nyingi na katika misuli, ambayo ni myeusi kwa wingi wa mayoglobini, ile protini inayoshika oksijeni ndani ya nyama. Moyo hupunguza mapigo, na damu huelekezwa zaidi kwenye viungo visivyoweza kungoja, kama ubongo. Akiba hiyo humtosha sili mzima wa Weddell kwa dakika kama ishirini. Anaweza kukaa chini zaidi ya hapo, lakini basi mwili huanza kulimbikiza tindikali katika misuli, na deni hilo hulipwa juu: mbizi ya dakika 45 humdai mapumziko ya zaidi ya saa moja. Kwa hiyo mbizi nyingi anazopiga ni zile zinazoishia ndani ya akiba. Ya kwenda, ya kurudi, na kidogo ya balaa. Kinachobaki katikati ndicho muda wa kutafuta chakula.

Neno kwa watakaopita njia hii: bebeni franka za noti ndogo, kwa maana dola iliyochanika hata kwenye pembe haipokelewi kisiwani, na msisahau kadi ya mpiga kura kama kitambulisho. Muhimu zaidi, ulizeni jaketi la kuokoa maisha, ambalo sisi huliita jile, kabla ya kulipa nauli. Yaliyokuwamo botini hayakututosha sote. Nahodha alipoona ninatazama huku na huku, alivua lake akanipa, akasema nilirudishe nitakaporejea, naye hakuniuliza jina wala namba ya simu.

Tulifika saa nane mchana. Mama mwenye mgahawa karibu na gati alinipa ugali wa muhogo, sombe (kisamvu), na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) za kukaanga kwa franka 3,000, na aliposikia sababu ya safari yangu alicheka mpaka akaketi. Kisha akamwita mwanawe wa miaka kama kumi na miwili: "Mpeleke mwalimu kesho asubuhi kwenye mawe, akamwone mwizi wa nyavu." Pesa ya chai aliikataa.

Siku ya pili, Jumamosi tarehe 28: mawe ya fisi-maji, kisha kaskazini

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu, ukungu ukiwa bado juu ya maji. Kijana alinionyesha kwanza jiwe bapa lenye kinyesi cheusi kilichojaa magamba ya samaki na vipande vya gamba la kaa, kisha akaniketisha nyuma ya kichaka na kuniamuru ninyamaze. Tulingoja muda wa kutosha kwa mvua kuanza, kuacha na kuanza tena. Ndipo kikatokea kichwa kidogo bapa, kilichochora mstari juu ya maji, mgongo ukapinda, mkia ukafuata, na yote yakapotea bila sauti.

Nilikuwa na saa ya simu. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Gerald Kooyman alipotaka kujua sili wa Weddell hukaa chini muda gani na hufika kina gani, aliunda kifaa kutokana na saa ya jikoni, ile inayokumbusha mpishi kwamba chungu kimeiva, akamfunga sili mgongoni; kwa hiyo sikuona haya. Mbizi ya kwanza ilikuwa ya sekunde 9, ya pili 14, ya tatu 12, na hapo akaibuka na kaa mdogo, akamtafuna kichwa kikiwa juu, miguu ya kaa ikimning'inia kwenye sharubu. Zikafuata mbizi mbili, moja ya samaki mdogo wa fedha, nyingine ya mikono mitupu. Kisha akapiga mbizi tatu mfululizo za sekunde 17, 18 na 16, ndefu kuliko zote, na zote akaibuka bila kitu. Baada ya ile ya tatu hakurudi pale. Aliogelea mpaka kwenye matete, hatua kama arobaini, akaanza upya kwa mbizi fupi. Kwa jumla nilihesabu mbizi kumi na moja, na tatu kati ya hizo zilileta chakula.

Mnyama mmoja katika asubuhi moja si utafiti, na sitaki mtu anukuu namba zangu. Lakini mbizi zile tatu tupu ndizo nilizozifuata. Mnyama anayewinda kwa pumzi hulipa nauli ya kushuka na kupanda hata asipopata kitu, kwa hiyo ana hesabu mbili za kufanya kwa pamoja: kama pale alipo bado panafaa kupapaswa, na kama kilichobaki katika akiba kinatosha kuendelea. Fisi-maji wetu nauli yake ni ndogo, maana kina ni cha mita chache, kwa hiyo aweza kuacha na kuanza upya mara nyingi. Sili-tembo wa Pasifiki ya kaskazini hushuka kwa kawaida mita 500 hivi, hukaa chini dakika kama 20, huja juu dakika mbili au tatu tu, kisha hushuka tena, usiku na mchana, kwa miezi. Mmoja alipimwa akafika mita 1,735. Kwa nauli kama hiyo, kuacha mapema ni hasara, na kuchelewa ni hasara pia.

Fisi-maji wa baharini, yule wa pwani za Pasifiki, ana mbinu nyingine ambayo kijana aliipenda nilipomsimulia tukirudi: hupapasa chini kwa viganja, huokota kombe, huficha mawindo katika ngozi iliyolegea ya kwapa, na akifika juu hulala chali na kupasulia gamba juu ya jiwe aliloliweka kifuani. Mwili wake hauna tabaka nene la mafuta kama wa sili, na ili asife kwa baridi humlazimu kula karibu robo ya uzito wake kila siku. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na jiwe lenyewe, anaazimana na wenzake?"

Pikipiki kutoka kusini hadi upande wa Bugarula, kaskazini mwa kisiwa, ilinigharimu franka 15,000. Mnyororo ulitoka mara mbili, tulisukuma kwenye tope, tulikula nanasi kando ya njia. Zaidi ya hayo sina la kusimulia.

Usiku wa Jumamosi: kwenye mitumbwi ya sambaza

Mwenyeji wangu wa kaskazini alikuwa amezungumza na wavuvi, nao wakakubali nipande kwa sharti la kutogusa kitu. Mitumbwi yao ni mitatu iliyoungwa kwa miti mirefu, wavu ukining'inia katikati, na taa zimefungwa juu ya maji. Tuliondoka jioni. Mwezi ulikuwa mchanga, mwembamba kama ukucha, nao ulizama mapema. Watu walipiga makafi kwa wimbo, mmoja akiita na wengine wakiitikia, na upande wa kaskazini mawingu yalikuwa mekundu kwa moto wa volkano ya Nyiragongo.

Sambaza si mwenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, wakaja kuwa riziki ya pwani nzima. Mchana hukaa chini. Jioni vijidudu wanavyovila hupanda kuelekea juu, nao huvifuata. Bahari nayo hufanya hivyo hivyo, ila kwa kipimo cha kutisha: kila machweo, tabaka zima la samaki wadogo, kamba na ngisi hupanda mamia ya mita, na kila mapambazuko hushuka. Ndiyo maana sili-tembo hushuka zaidi mchana kuliko usiku: anakifuata chakula kinakohamia.

"Mwezi ukijaa tunalala nyumbani," alisema mzee wa mtumbwi, "maana taa yetu inakuwa haina kazi, na sambaza wanakaa chini." Nilimwambia kwamba katika visiwa vya Galápagos wako sili wenye manyoya wanaowinda usiku, na kwamba watafiti waliwahesabu ufukweni wakakuta wanaobaki nchi kavu ni wengi zaidi nyakati za mwezi mpevu, kwa kuwa mwanga huwazuia samaki kupanda. Mzee alifikiri, akasema: "Hao ni wavuvi." Kisha akateremsha wavu kwa kuhesabu pima kwa mikono yake miwili iliyonyooshwa.

Kulikuwa na giza ambalo sikuwahi kulijua. Nje ya duara la taa hukuona hata makafi ya jirani. Kijana aliyekaa mbele yangu alishika kamba ya wavu kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada, macho yake yakitazama pengine kabisa. Nilimuuliza anatazama nini, akasema hatazami, anasikiliza kwa vidole: samaki wakiingia, kamba hutetemeka kama mshipa wa mkono. Alinishikisha. Mara ya kwanza nilihisi mawimbi tu. Alinirudishia vidole mahali pake, akasubiri, na baada ya muda kidogo nikahisi, chini ya mwendo mpana wa mawimbi, mtekenyo mwembamba wa haraka.

Nilipofika nyumbani niliandika kando ya ukurasa huo: sharubu. Mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio la sili wa bandarini aliyefunikwa macho kabisa. Walitangulia kupitisha nyambizi ndogo ya kuchezea majini, wakaizima, kisha wakamwachia sili; naye aliufuata mkondo iliouacha, kona kwa kona, kwa sharubu peke yake. Walipozifunika sharubu zake kwa soksi, alipotea. Samaki akiogelea huacha nyuma yake maji yanayozunguka-zunguka, na njia hiyo hudumu kitambo baada ya mwenyewe kupita. Sharubu za sili huyo hazikunyooka kama za paka. Zina mawimbi-mawimbi kwa urefu wake, na umbo hilo hupunguza mtikisiko unaotokana na mwendo wake mwenyewe, ili mtekenyo wa samaki usimezwe. Kijana yule hakuwa na sharubu zenye mawimbi, lakini alikuwa amejifunza kuutoa mwendo wa ziwa na kubaki na mwendo wa samaki.

Nyangumi wenye meno wamechukua njia tofauti. Nyangumi wa spemaseti hushuka mita mia kadhaa, mara nyingine zaidi ya 1,000, akipiga mlio mmoja au miwili kila sekunde na kusikiliza mwangwi. Sauti baharini hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo ngisi aliye mita 75 mbele hujibu baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nyangumi akimkaribia, milio huharakishwa mpaka inaungana kuwa mvumo kama wa nyuki, kisha kimya. Watafiti wanaobandika vifaa vya kurekodi mgongoni mwa nyangumi huusikia mvumo huo na kujua kwamba hapo amejaribu kukamata. Nyangumi wenye mdomo mrefu hata huanza safari ya kushuka wakiwa kimya, wakifungua milio baada ya kupita mita mia mbili na zaidi. Wanadhaniwa kuwakwepa nyangumi wauaji walio juu, wenye masikio makali.

Saa nne na nusu usiku wavu wa kwanza ulitoka na sambaza wa kujaza nusu beseni. Mzee aliutazama, akaangalia nyota, akasema, "Hapa pamekwisha," ingawa mimi bado niliona samaki waking'aa kwenye mwanga. Tulihama kwa makafi karibu nusu saa. Nilimuuliza amejuaje. Alisema wavu wa pili mahali hapo ungeleta sambaza, lakini si wa kulipa jasho la kuuvuta, na usiku una mwisho. Wavu wa pili, kule tulikohamia, ulileta mabeseni mawili. Wa tatu haukuleta kitu.

Kwa atakayetaka kufanya hivi: vaa sweta mbili, funga daftari ndani ya mfuko wa nailoni (mimi sikufunga), na usitoe pesa kabla ya kurudi. Niliwaachia franka 10,000 asubuhi, nao wakanifungashia sambaza zilizozidi thamani hiyo.

Siku ya tatu, Jumapili tarehe 29

Nililala mpaka nyimbo za kanisa ziliponiamsha. Boti ya Goma, mji wa kaskazini mwa ziwa, iliahirishwa kwa sababu ya upepo, na mchana kutwa niligeuza kurasa juani.

Siku ya nne, Jumatatu tarehe 30: Goma

Tulivuka kwa franka 6,000 na kuteremka Kituku, sokoni pale pale kwenye maji. Kabla ya kitu chochote tulinawa mikono kwa maji ya klorini na kupimwa joto la mwili kwenye paji la uso, kwa ajili ya mlipuko wa Ebola wa wakati ule. Foleni ilikuwa ndefu. Sambaza zilikuwa zimemwagwa juu ya maturubai kama misumari mipya. Mama mmoja muuzaji alinieleza kwamba mvuvi akiteremsha wavu kupita kiasi chini, hupandisha "maji yaliyokufa".

Maneno yake ni sahihi kuliko alivyodhani. Kivu ina kina cha mita 485 mahali pake pa ndani kabisa, lakini oksijeni huishia karibu mita 60. Kutoka hapo hadi chini ni maji mazito yenye gesi ya kaboni na methani, ambamo samaki haishi. Sili-tembo angewekwa humu, uwezo wake wa kushuka nusu kilomita ungekuwa bure kabisa. Katika ziwa Baikal la Urusi, lenye mita 1,642, maji yana oksijeni mpaka sakafuni, samaki huishi kila ghorofa, na huko kweli wako sili wa maji matamu, nerpa, wanaopiga mbizi kuwafuata. Mbavu na mapafu havimpi mnyama sababu ya kushuka. Anashuka kwa kuwa chini kuna chakula.

Nilipanda meli ya usiku kwa dola 10, daraja la chini, nikalala juu ya begi langu.

Siku ya tano, Jumanne tarehe 31: Bukavu

Tulifika alfajiri. Nilipitia Muhanzi kabla ya kwenda nyumbani, jile likiwa begani, na nikamkuta nahodha ameinama juu ya bidoni, kijiti mkononi.

"Mwalimu, ulimpata huyo mnyama wako?"

"Nilimpata, mzee."

"Alikula?"

"Mara tatu kati ya kumi na moja."

Alichomoa kijiti, akaweka kidole gumba mahali palipolowa, akatazama. "Basi anajua kukadiria," alisema, kisha akaomba nimshikie bidoni ya pili.